Dawa ipo, aibu bado inaua: kwa wauguzi na washauri wapya wa kliniki ya VVU

Kila wanapoletwa wauguzi na washauri nasaha wapya hapa kwetu Malaba, mji wa Uganda mpakani na Kenya, swali huwa lile lile, na huulizwa wakati wa chai, haliulizwi kikaoni: "Sista, wewe umewezaje kukaa huku miaka yote hii?" Huuliza kwa heshima, lakini nyuma ya swali hilo kuna lingine. Kwa nini mtu ang'ang'anie kliniki ya VVU wakati kuna wodi ya wazazi, kuna chumba cha upasuaji, kuna mashirika ya Kampala yanayolipa vizuri? Jibu langu ni refu kuliko muda wa chai, kwa hiyo nimeliandika, na ndani yake nimetia mambo ya kazi ambayo chuoni hayafundishwi sana.

Nimekaa kwa sababu nina hasira. Ugonjwa huu una dawa. Dawa ni bure, kwa wengi ni kidonge kimoja tu kwa siku, na ipo kwenye rafu hatua chache kutoka mlangoni. Na bado tunazika watu. Ukifuatilia marehemu alikufa kwa nini, mara nyingi hukuti dawa iliyoshindwa kufanya kazi. Unakuta mtu aliyechelewa kupima kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni, au mke aliyekuwa akificha vidonge ndani ya gunia la mahindi hadi siku mume alipolifungua, au kijana wa shule ya bweni aliyeacha kumeza kwa kuwa bwenini hakuna siri. Aibu ndiyo iliyowaua. Mkija hapa kwa huruma tupu mtachoka mapema, maana huruma humtazama mgonjwa mmoja mmoja, na wagonjwa hawana mwisho. Mkija mkimjua adui, mtakuwa na sababu ya kurudi kesho yake.

Mimi nilimjua adui huyo nikiwa mtoto. Nimekulia hapa hapa wilayani Tororo, enzi ugonjwa ukiitwa silimu kwa jinsi ulivyokausha mwili. Mjomba wangu alirudi kutoka Kampala akiwa amekonda hadi tulimtambua kwa sauti. Kikombe chake cha bati kiliwekwa peke yake kwenye dirisha la jikoni, na sisi watoto tukaambiwa tusikiguse. Wageni walikuja kumjulia hali wakiwa wamesimama mlangoni. Aliyaona yote, kwani akili yake ilikuwa timamu hadi mwisho. Wakati ule dawa ya kumpa hatukuwa nayo. Heshima tulikuwa nayo, tukamnyima. Leo dawa ipo, na bado naingia kwenye nyumba za watu nakuta kikombe kimetengwa.

Vijana wengi wanaofika kwetu hawajui kazi hii ilianzia wapi, na naona ni hasara, maana historia yake inatia nguvu. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika iliyokuwa wilaya ya Rakai. Watu wakasema ni uchawi, ni kisasi cha wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali zao. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI na kuanza kulisema jambo hilo wazi, wakati serikali nyingi za Afrika zilikuwa kimya. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa ametoka kumzika mumewe Christopher, alikusanyika na wenzake, wengi wao wakiwa wanaishi na virusi, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, aliliambia taifa kwamba ana UKIMWI. Wapo waliokataa kumsadiki. Akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza na watu hadi nguvu zikamwishia, akafariki Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1992 kasisi wa Anglikana, Gideon Byamugisha, naye akasema hadharani kwamba ana virusi, na akaendelea na huduma yake.

Hebu wafikirieni hao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na dawa ya kutegemea. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na huku kwetu Tororo miaka hiyo kulikuwa na wafanyakazi waliokuwa wakizipeleka majumbani kwa pikipiki. Waliotangulia walikuwa na kitu kimoja tu, kukataa kujificha, na kwa hicho waliwapa wengine ujasiri wa kwenda kupima. Sisi tumekuta njia imeshafyekwa. Muuguzi anayemkaripia mgonjwa dirishani anaiotesha magugu upya.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Ujue ukweli wa kitabibu mpaka uondoe hofu mwilini mwako, kwa sababu mgonjwa husoma uso na mikono yako kabla hajasikia maneno yako. Nimeona mfanyakazi mpya akivaa glavu ili apokee kadi. Hakutukana mtu, hakusema kitu, lakini yule mama aliyekuwa akinyoosha kadi aliurudisha mkono kidogo, kisha akaiweka kadi mezani ili ichukuliwe bila wao kugusana. Glavu ni za damu na majimaji ya mwili, na huvaliwa kwa kila mgonjwa sawasawa, awe na malaria, awe na VVU. Hata ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama mara tatu katika elfu moja, na tunayo dawa ya kinga ambayo huanzwa mara moja, isizidi saa 72, na kumezwa kwa siku 28. Ukichomwa, usifiche. Osha kwa maji na sabuni, mwambie mkuu wa zamu, anza dawa siku hiyo hiyo. Wanaoficha wanafanya hivyo kwa aibu ile ile tunayowakataza wagonjwa.

Kisha jifunzeni vizuri habari ya virusi kushuka hadi kutoonekana kwenye kipimo, kwa kuwa ndiyo silaha kali kuliko zote tulizo nazo dhidi ya unyanyapaa. Mtu anayemeza dawa kila siku, na kipimo chake cha wingi wa virusi kikabaki kwenye kiwango hicho, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Hayo si maneno ya kumliwaza mtu. Tafiti za Ulaya zilizotangazwa mwaka 2016 na 2019 ziliwafuatilia mamia ya wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, wakikutana bila kondomu, na hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza aliyekuwa kwenye hali hiyo. Lakini mimi hupenda kuwaambia watu kwamba ushahidi ulianza kujitokeza hapa hapa Uganda. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Rakai, wa wenza 415 waliofuatiliwa kabla dawa hazijafika vijijini kule. Waliokuwa na virusi chini ya 1,500 katika mililita moja ya damu hawakumwambukiza mwenza hata mmoja. Rakai ile ile iliyozika watu wengi namna ile ndiyo iliyosaidia kuuonyesha ulimwengu kwamba virusi vikiwa vichache, maambukizi hukatika. Mwambie mgonjwa habari hiyo. Nimewaona wazee wakikaa wima kwenye kiti wakiisikia.

Na mweleze kwa lugha ya nyumbani. Dereva mmoja wa lori aliposomewa majibu yake alikaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sista, kwa hiyo mama watoto yuko salama?" Nikamjibu, "Yuko salama, kaka, mradi umeze kila siku na kipimo kiendelee kusoma hivi." Akataka nirudie. Nikarudia. Wengi watataka mrudie, nanyi rudieni bila kuchoka, kwa sababu mtu aliyejiona kwa miaka mingi kuwa ni hatari kwa anaowapenda haachi kujiona hivyo kwa kusikia sentensi moja. Jambo moja la kuangalia: kwa mama anayenyonyesha msitumie maneno hayo hayo. Kwake hatari inapungua sana mno, lakini hatuwezi kusema imekwisha kabisa, ndiyo maana mtoto hupewa dawa ya kinga na hupimwa mara kadhaa.

Sampuli za wingi wa virusi husafirishwa kwa pikipiki kutoka vituoni hadi zifike maabara kuu ya Kampala, na majibu huchukua muda. Yakirudi, msiyafungie ndani ya faili mkisubiri mgonjwa aulize. Mtu aliyepata majibu mazuri anastahili kuambiwa kwa furaha ile ile ambayo tungemwambia mama kwamba amejifungua salama. Na aliyepata mabaya asikaripiwe. Muulizeni dawa anaziweka wapi, nani anajua, anameza saa ngapi, nani yuko chumbani saa hiyo. Hapo ndipo majibu mabaya hueleweka.

Nikisema anaziweka wapi, nina maana ya kopo lenyewe. Lichukueni mkononi siku ya kwanza kazini, mlitikise. Vidonge vinalia kama kayamba. Kwenye lori lenye dereva na tanboi, kwenye chumba cha kupanga chenye ukuta wa mbao, kwenye mkoba ndani ya teksi, sauti hiyo inamtangaza mtu. Ndiyo maana mtawaona wengine wakitoka kwenye chumba cha dawa, wanazunguka nyuma ya jengo, wanamimina vidonge kwenye mfuko wa plastiki na kutupa kopo shimoni. Msiwafokee. Waelezeni kwamba dawa hizi huharibiwa na unyevu, kwa hiyo ni bora zibaki kwenye kopo lake pamoja na kile kipakiti kidogo cha kukausha. Kisha wasaidieni: banduni karatasi ya nje yenye jina la dawa, watieni pamba juu ya vidonge ili kopo lisilie. Sisi huweka pamba pale pale dirishani. Ni kitu kidogo, lakini nimeona watu waliokuwa wakipotea kwenye matibabu wakitulia baada ya kupewa pamba tu, kwa sababu kwa mara ya kwanza mhudumu alionyesha kwamba anajua maisha yao yalivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wenzetu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walirudishwa nyumbani, na Wizara ya Afya ikaelekeza huduma za VVU na za kifua kikuu ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Wengi wenu hamkuikuta kliniki ya zamani yenye siku yake na benchi lake. Kwa upande wa unyanyapaa, mimi naona mabadiliko hayo yana pande mbili. Lile benchi la nyuma lilikuwa likiwatangaza watu. Aliyekaa pale Alhamisi, soko zima lilijua. Sasa mgonjwa wa presha na mgonjwa wa VVU wanakaa pamoja, na hilo ni jema. Lakini kwenye benchi lile ndiko mgonjwa mpya alipokuwa akikaa karibu na mama aliyemeza dawa miaka mingi, mama akamnong'oneza, "Hata mimi nilifikiri nimekufa." Hatuna dawa rafuni inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo mkimpata mgonjwa mpya, mtafutieni mwenzake mzoefu, kwa ridhaa ya wote wawili, na muwape chumba au hata kivuli cha mwembe waongee.

Hatari nyingine ya mpango huu mpya ni dirisha la mapokezi. Watu ishirini wamesimama nyuma ya mgonjwa, na mhudumu anauliza kwa sauti, "Wewe ni wa ARV?" Kwa swali hilo moja mmeshampoteza. Someni kadi kimya kimya. Iteni watu kwa namba. Mifuko ya dawa iwe ya aina moja kwa wote. Mafaili yasitofautishwe kwa rangi ambayo hata mfagiaji anajua maana yake. Mgonjwa akikutana nawe sokoni, msubiri yeye akusalimu kwanza. Akipita kama hakujui, mwache apite, na kliniki usimuulize kwa nini.

Kuwafuata waliopotea kunahitaji akili zaidi. Ukipiga simu ikapokelewa na mtu mwingine, usitaje kituo, usitaje dawa. Omba tu aambiwe kwamba dada yake wa Malaba amempigia, kama mlivyokubaliana siku ya kwanza. Ndiyo, hilo hukubaliwa siku ya kwanza: nipigie namba ipi, saa ngapi, nijiite nani. Ukienda nyumbani kwake, usiende na gari lenye maandishi ubavuni wala fulana ya mradi. Majirani wanasoma magari. Shuka boda boda mbali kidogo, vaa kama mgeni wa kawaida, na ukimkuta na watu, ongea habari za mvua na mahindi mpaka mwenyewe akusindikize njiani.

Hapa mpakani tuna watu wetu maalumu, madereva. Lori linatoka Mombasa, linakwenda Kampala, Kigali au Juba, na hati za forodha zikichelewa dereva analala Malaba. Amesajiliwa Mombasa, dawa zimemwishia hapa. Msimwambie arudi alikosajiliwa. Mpimeni hali yake, tazameni kadi au kopo lake, mpeni za kumfikisha, andikeni barua fupi aende nayo. Walio imara wapangieni za miezi kadhaa kwa mkupuo kama mwongozo unavyoruhusu. Na msimhubirie habari za loji na wanawake. Hajaja kuungama.

Mambo ya dini huwashinda wengi wenu, kwa hiyo nayasema. Mtakutana na mtu aliyeacha dawa kwa sababu ameombewa na kuambiwa amepona. Ukibishana na imani yake, hatarudi. Mimi humuuliza kama Mungu anaweza kuponya kwa mkono wa daktari, na wengi husema ndiyo. Kisha humwomba apime wingi wa virusi, tuone pamoja. Pia nendeni kwa wachungaji na masheikh wenyewe, mketi nao kwa adabu. Wengi wao wamezika waumini wao kwa ugonjwa huu, nao wanatafuta namna ya kusaidia.

Na kuna wagonjwa ambao hamtawatambua, kwa kuwa wamevaa sare kama yenu. Wahudumu wa afya wenye virusi wapo, na wengine husafiri hadi wilaya nyingine kuchukua dawa ambayo sisi tunaigawa kila siku, kwa kuogopa midomo yetu. Tunawezaje kuwaambia wanakijiji wasione haya kama mwenzetu anatuonea haya sisi? Sikilizeni maongezi ya chumba cha chai. Likianza neno la "nasikia fulani ana mdudu", likateni hapo hapo, hata kama anayeongea ni mkubwa wako.

Mtauliza furaha iko wapi katika kazi hii. Kwangu iko kwenye meza ya mama na mtoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupimwa akiwa na wiki nne hadi sita, akapimwa tena miezi tisa, tena wiki sita baada ya kuacha kunyonya, na mwisho kabisa miezi 18. Mnamwona kutoka anabebwa kwenye kanga hadi anaingia mwenyewe akikimbia na kuvuta pazia. Siku ya kipimo cha mwisho akina mama huja wamevaa nguo zao nzuri. Kumbukeni kwamba utafiti uliotangazwa mwaka 1999, uliofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini, mojawapo ya dawa za VVU, kwa mama na moja kwa mtoto hupunguza maambukizi karibu nusu, na wakati ule hiyo ilikuwa habari kubwa duniani. Leo mama akianza dawa mapema na kumeza vizuri, watoto walio wengi sana hutoka salama. Mama mmoja aliposikia majibu ya mwanawe alimwinua juu akamwambia, "Baba, umetoka!" Mtoto akacheka bila kujua anachekea nini. Siku kama hiyo hunipa nguvu ya kupiga simu za wale waliopotea.

Mengine yanakuja. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano ya kinga iitwayo lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano hailii mkobani. Lakini msichana bado atalazimika kuingia mlangoni kwetu kuiomba, na tukimtazama kwa jicho la "umeanza lini mambo hayo", ataondoka bila kuchomwa. Kwa hiyo jizoezeni sasa kuulizwa habari za ngono na msichana wa miaka kumi na tisa bila kukunja uso.

Jumatatu kliniki inafunguliwa saa mbili, ninyi njooni saa moja na nusu. Madereva hufika mapema, kabla hawajapigiwa simu kwamba hati zao zimetoka, na mtu ambaye lori lake linangoja hawezi kusubiri wahudumu wamalize kusalimiana. Pamba iko kwenye droo ya kushoto.